Vikwazo vya Bi Mwanakhamis

Mzee Abdulwahid aliikataa posa ya mjukuu wake kabla hata halua haijakatwa, na kwa watu wa mtaa wa Sokomuhogo hilo la halua ndilo lililouma zaidi.

Mshenga alikuwa Mabrouk, muuza kahawa wa baraza ya pembeni, mtu mwenye ulimi wa kuweza kuiuzia bahari chumvi. Siku hiyo alivaa kanzu mpya na kofia ya viua, akaja na wazee wawili wa msikitini wa kumsaidia kuitikia "Inshaallah". Walikaa sebuleni juu ya zulia, wakaisifu nyumba, wakausifu upepo, wakamsifu hata paka. Nyuma ya pazia walijibana wanawake watatu wa nyumba hiyo: Bi Mwanakhamis, mke wa mzee, Asila, mkwe wao, mjane wa mwana wao Qais, na Tamima mwenyewe, binti wa marehemu Qais, ambaye kwa furaha alikuwa akimkanyaga mama yake mguu bila habari.

"Kijana ni Muislamu safi," Mabrouk alisema. "Sigara hajui, bangi haijui, msikitini anamtangulia muadhini."

"Kazi yake?"

"Fundi wa lifti."

Mzee Abdulwahid aliweka kikombe chini. "Lifti? Kisiwa hichi kina lifti ngapi, Mabrouk?"

"Chache, Mzee. Lakini zote mbovu."

Wazee wa msikitini waliitikia Inshaallah. Mzee akacheka, na nyuma ya pazia Asila akashukuru Mungu, maana mtu akishacheka posa imeshafika nusu.

"Haya. Na watu wake wa wapi?"

Mabrouk akakohoa. "Wa kusini."

"Kusini wapi, Makunduchi?"

"Mbele kidogo."

"Mtwara?"

"Mbele kidogo, Mzee."

"Mbele ya Mtwara ni Msumbiji, yakhe!"

"Hapo umekaribia."

Mabrouk alipoona hakuna njia nyengine, alifumba macho akasema kwa pumzi moja kama anayekunywa dawa: "Cape Town, Afrika Kusini, lakini watu wazuri sana."

Mzee Abdulwahid alisimama. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kanzu yake ilipigwa pasi kiasi kwamba mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Nchi hiyo tumeiwekea vikwazo," alisema.

"Mzee, vikwazo vilishaondolewa zamani. Hata mimi nilikuwa sijaoa bado."

"Nani kaviondoa?"

"Dunia nzima."

"Mimi dunia sikufanya kazi kwake. Mimi nilifanya kazi forodhani, hapa Malindi. Nikaambiwa: cha Makaburu kisishuke. Si meli yao, si bidhaa yao, si mkono wao kupeana na wetu. Nikasimama pale ujana wangu wote. Halafu nikahamishiwa idara ya leseni za magari, na hakuna aliyenifuata huko kunambia, Abdulwahid, sasa basi." Akawafungulia mlango. "Nakushukuruni kwa kuja. Salimieni majumbani."

Sinia ya halua ikarudi jikoni nzima, na kisu chake juu.

*

"Babu, Igsaan si Kaburu!" Tamima alisema jioni hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu. Alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja ya Michamvi na alikuwa amezoea kuzungumza na wateja wakali. "Kwao ndio waliobaguliwa. Nyumba ya bibi yake ilipitiwa na tingatinga kwa sababu ya rangi yao. Vikwazo vyenu mliviweka kwa ajili ya watu kama wao."

"Basi na abaki huko aijenge nyumba ya bibi yake."

Neno hilo lilimtoka Mzee na papo hapo akalijutia, lakini wanaume wa kizazi chake walifundishwa kujuta kimya kimya.

"Na nyinyi mlijuanaje?" akauliza, kulifunika lile.

"Lifti ya hoteli ilikwama na mimi nikiwa ndani. Yeye akawa nje anaitengeneza. Tukazungumza mpaka ikafunguka."

"Mlango ulikuwa katikati," Asila alidakia haraka. "Umefungwa kabisa, baba. Hata sharia ingeridhika."

Mabrouk, ambaye alikuwa amerudi kuchukua viatu alivyovisahau kwa fedheha, alichungulia mlangoni. "Kuna njia, Mzee usinikasirikie. Walii akikataa bila ya sababu ya kisharia, binti huenda kwa kadhi, na kadhi akamuozesha."

Watu wote walimtazama Tamima. Yeye akatikisa kichwa.

"Sitaki kadhi. Baba yangu hayupo. Nataka babu aniozeshe kwa mdomo wake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Igsaan. Akikataa, siolewi. Igsaan mkataba wake unakwisha mwezi ujao, atakwenda kwao, na mimi ntabaki hapa nazeeka na nyinyi."

Akapanda juu. Viatu vya Mabrouk navyo vikaondoka polepole.

Bi Mwanakhamis alikuwa anachambua mchele, na mchele ule siku hiyo ulichambuliwa mpaka ukakosa hata mchele. Alipomaliza alimgeukia mumewe kwa upole ambao mwanamme mwenye akili angeukimbia.

"Bwana Abdulwahid. Hivyo vikwazo, hebu nieleze, vilikuwa vinafanyaje kazi? Maana miaka yote nakusikia tu."

Hapo ndipo mumewe alipokosea. Mzee wa watu hakuwa ameulizwa swali hilo tangu astaafu. Akajiweka sawa juu ya kiti, akakunja miguu, uso ukamng'aa.

"Vikwazo, Mwanakhamis, si vita. Humpigi mtu hata kofi. Unamnyima tu alivyovizoea, mpaka akae afikiri. Lakini lazima mwe pamoja! Mmoja akitoboa tundu, kazi yote imemwagika. Ndo mana tukawa na nchi za mstari wa mbele, majirani walioshikana, pasipite hata sindano. Na siri yake kubwa ni hii: usimchukie unayemwekea. Ukimchukia atapata sababu ya kuwa mkaidi."

"Na kula? Watu hawafi njaa?"

"La, la. Chakula cha kumuweka mtu hai kinapita. Hiyo ni haki ya binaadamu."

"Ahsante," alisema Bi Mwanakhamis, akajifuta mikono. "Basi kuanzia kesho tunakuwekea."

*

Siku ya kwanza Mzee alidhani ni mzaha. Aliletewa wali mweupe, uliopikwa kwa maji matupu kama wa mgonjwa, na changu aliyechemshwa akatazamana naye bila ya ndimu wala pilipili.

"Nazi iko wapi?"

"Nazi haimo katika haki za binaadamu," Asila alisema kwa adabu kubwa, akaondoka kinyumenyume kama anayeaga sultani.

Kanzu yake aliikuta imefuliwa, inanukia sabuni, imekunjana kama uso wa kobe. Pasi ilikuwapo. Alijaribu mwenyewe, akaunguza mkono wa kanzu na kidogo cha kidole. Udi haukufukizwa. Mto wake wa kuegemea ulihamia chumbani kwa Tamima. Hakuna aliyemnunia! Hilo ndilo lililomtesa. Asubuhi walimuamkia "Shikamoo, Babu," na "Umelalaje, baba?" na Bi Mwanakhamis akamtandikia kitanda kwa mapenzi, akamuombea dua, akamnyima sukari.

Alasiri akajitokea nje na kanzu yake ya mikunjo kwenda barazani. Mabrouk alikuwa amekaa nyuma ya dele lake, mkaa unawaka, harufu ya kahawa inapanda mpaka kwenye madirisha ya ghorofa ya pili.

"Nimiminie."

"Samahani, Mzee."

"Imekwisha?"

"Imejaa. Lakini sisi hapa ni nchi za mstari wa mbele." Mabrouk alisema hivyo akiwa amekaza uso, lakini bega lake lilikuwa linacheka. "Bi Mwanakhamis alipita jana. Mimi, muuza mikate ya boflo, yule wa urojo, na mwenye duka la pembeni. Tumeshikana. Hapapiti sindano."

"Mabrouk, mimi nilikufundisha kuendesha baskeli!"

"Na nakuombea kila nikiipanda, Mzee wangu. Kaa, tuzungumze. Mazungumzo hayajawekewa."

Akakaa, maana mtu hawezi kusimama na kanzu kama ile mbele za watu. Wanaume wa barazani walikunywa kahawa yao kwa sauti kubwa kuliko ilivyo lazima. Mmoja wao alimuuliza kama kanzu yake ni mtindo mpya kutoka Dubai. Mzee aliangalia kikombe kinavyopita mbele ya pua yake kikienda kwa mwengine, akameza mate, na hapo akahisi kitu cha ajabu kikimpanda kifuani. Alitarajia iwe hasira. Ilikuwa fahari. Kazi ilikuwa imefanywa vizuri! Hakuna tundu hata moja. Huko Malindi wao wenyewe hawakuwahi kupanga mambo hivi.

Hata hivyo tumbo halina fahari. Siku iliyofuata alitoroka mpaka Mwanakwerekwe, kwenye mkahawa wa binamu yake Hamed, ambako hakuna mtu wa Sokomuhogo. Aliagiza pilau, akachagua meza ya ndani kabisa, akaelekeza uso ukutani.

Hamed alimletea wali mweupe.

"Simu imekutangulia," alisema, na macho yake hayakuweza kumtazama. "Bi Mwanakhamis kasema nikikupa nazi, harusi ya mwanangu watakuja mikono mitupu na hawatopiga vigelegele. Mzee, mimi nna watoto wa kike wanne. Nitafanyaje?"

Mzee Abdulwahid alikula wali ule kidogo kidogo. Alipomaliza alimpa Hamed mkono. "Hongera," alimwambia. "Ungenipa, ningekudharau."

*

Nyumbani kulikuwa na hazina moja iliyobaki. Ndani ya friji, droo ya chini, Mzee aliweka matufaha yake ya kizungu, yale makubwa mekundu ambayo hula moja kila baada ya sala ya alasiri tangu meno yake yalipokuwa yote. Hakuna aliyekumbuka kuyawekea vikwazo. Alilitoa moja, akalifuta kwenye kanzu, akaling'ata pale pale mlango wa friji ukiwa wazi. Likalia kwacha.

"Tamu?" aliuliza Bi Mwanakhamis, mkono kiunoni.

"Tamu," Mzee alijibu kwa ujeuri. "Haya ni ya Lushoto. Ya nchi yetu. Huwezi kunizuia."

Bi Mwanakhamis akakaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, ambacho hakikuwa na kazi siku hizo. Akamtazama mumewe alivyokuwa, mdomo umejaa, kidole kina bandeji, kanzu ina alama ya pasi, na akamuonea huruma. Lakini aliona pia kwamba wakati umefika.

"Lushoto gani, bwana, inayotoa tufaha la ukubwa wa kichwa cha mtoto?"

Mzee aliacha kutafuna.

"Yanakuja na kibandiko. Kidogo, hivi, kama ukucha wangu. Kimeandikwa yanakotoka. Mimi hukibandua sokoni kabla sijafika nyumbani. Miaka yote hiyo, Abdulwahid. Muuza matunda wa Darajani ananijua, ananibandulia mwenyewe."

"Yanatoka..."

"Kusini. Mbele kidogo ya Msumbiji."

Tufaha lilibaki mkononi, limeng'atwa. Mzee Abdulwahid aliliangalia kama mtu aliyegundua kuwa paka wake anasema. Alitaka kulitupa, lakini lilikuwa limebaki nusu, na chakula hakitupwi.

"Umenivunjia vikwazo ndani ya nyumba yangu."

"Nimekulisha, bwana. Ulikuwa unapenda." Akasimama, akamuondolea kipande cha ganda kwenye ndevu. "Hebu nambie kweli, mimi na wewe tu. Ni Afrika Kusini, au ni kwamba ni mbali?"

Juu, Tamima alikuwa anatembea chumbani kwake, na wote wawili walisikiliza nyayo zake darini kama walivyokuwa wakizisikiliza alipokuwa anajifunza kutembea.

"Qais alikwenda karibu tu," Mzee alisema mwishowe. "Pemba. Hakurudi."

"Najua."

"Huyu anakwenda mwisho wa Afrika."

"Najua, Abdulwahid. Lakini hilo liseme hivyo hivyo. Usilifunike bendera ya taifa."

Akatoka. Mzee alilimaliza tufaha, kwa huzuni, mpaka kokwa.

*

Bibi yake Igsaan alishuka uwanja wa ndege siku ya Jumatano, bila kualikwa na mtu yeyote isipokuwa mjukuu wake. Aliitwa Bi Gadija. Alikuwa mfupi, mnene, amejifunga mtandio wa samawati, na goti moja halikumtii. Igsaan alimfikisha mpaka mlangoni pa nyumba ya Sokomuhogo, akabaki nje kwa heshima, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, na Mabrouk akampa kahawa ambayo Mzee alikuwa haipati.

Mgeni wa kike huja kuonana na wanawake, ndio desturi. Mzee kwa hivyo alipanda ghorofa ya juu kujificha na kanzu yake. Hakujua kwamba Bi Gadija, baada ya kukumbatiana na kila mtu na kulia kidogo, aliuliza: "Na yeye yuko wapi?" Wakamuonesha ngazi.

Ngazi za nyumba zile zilijengwa na mtu asiyependa magoti ya watu. Mzee alimsikia anapanda, anahema, anapumzika, anasema kitu kwa Kiingereza ambacho Tamima nyuma yake alikifasiri kwa kicheko: "Anasema nyumba hii inahitaji mjukuu wake."

Akatokeza. Mzee akasimama, akajaribu kuficha alama ya pasi kwa kiganja. Kiingereza chake kilikuwa cha forodhani, kimejaa maneno ya kukataza, lakini kilikuwapo, na pale kiliposhindwa Tamima alijaza.

"Wewe ndiye mzee unayetususia?" Bi Gadija aliuliza, akijibwaga juu ya kiti.

"Sikususii wewe, bibi. Naisusia serikali yenu."

"Ipi?"

"Ile ya zamani."

"Ile ilishakufa."

"Basi naisusia maiti yake."

Bi Gadija alimtazama vizuri, halafu akakubali kwa kichwa, kama anayeona bidhaa ni halisi. "Na mimi maiti yake naisusia. Hebu nambie, ulifanya nini hasa?"

Mzee akatanua kifua. Kama kuna kisa alichokipenda, ni hicho, na hapa alikuwa na msikilizaji ambaye hajakisikia mara mia. Akasimulia jinsi siku moja yalivyoshushwa makopo ya matunda ya mapichi, makasha kwa makasha, kila kopo limeandikwa nchi nyengine, jirani asiyekuwa na kosa. Karatasi zote safi. Wenzake wakataka kuyapitisha. Yeye akalichukua kopo moja, akaligeuza juani, akapitisha ukucha pembeni ya lebo. Lebo ikatoka nzima! Na chini yake, lebo ya Cape.

"Wakaniita jicho la kipanga," alimaliza. "Meli ikaondoka na makopo yake yote."

Bi Gadija akainama mbele. "Lebo ilitoka kirahisi?"

"Kama ganda la ndizi."

Mabega ya yule bibi yakaanza kutikisika. Tamima alidhani analia, akamkimbilia, kumbe ni kicheko, kicheko kikubwa kilichokosa njia ya kutokea.

"Unajua kwa nini ilitoka kirahisi?"

"Kwa sababu ya ukucha wangu."

"Kwa sababu ya gundi yangu!"

Ikabidi Tamima afasiri pole pole, kwa sababu Mzee alikataa kulielewa hata lile aliloelewa. Bi Gadija katika ujana wake alifanya kazi kiwanda cha kutia matunda makoponi. Dunia ilipoanza kuyakataa mapichi yao, mabosi waliagiza yabandikwe majina ya nchi nyengine. Wanawake wa meza ya lebo walikubali, "ndiyo bwana, ndiyo bwana", na kila siku mmoja wao aliizimua gundi kwa maji aliyoyaleta ndani ya chupa ya chai.

"Ishike mpaka msimamizi apite, basi," Bi Gadija alisema, akijifuta macho. "Baharini kuna joto. Tulijua zitafika zinaning'inia. Tulikuwa tunaomba Mungu, huko ziendako, kuwe na mtu mmoja tu mwenye kucha."

Mzee Abdulwahid alikaa. Aliuangalia ukucha wake, ambao kwa miaka mingi aliuhesabu kuwa ni wa kipekee. Ulikuwa ukucha wa kawaida.

"Na makopo yaliporudi?"

"Kiwanda kikapunguza watu. Mimi nilikuwa wa mwanzo, na mimba ya mama yake Igsaan tumboni."

"Basi ni mimi niliyekuachisha kazi."

"Sijui kama ni wewe. Dunia ilikuwa na kucha nyingi, alhamdulillahi. Lakini siku ile tulitoka kiwandani tunaimba njia nzima, mabosi wakadhani tumerukwa na akili."

"Mlikula nini?"

"Viazi. Na mume wangu alisema, afadhali njaa hii, hii ina mwisho."

Upepo ulipita dirishani ukalisukuma pazia. Mtu anaweza kuishi uzee wake wote akiamini alisimama peke yake kwenye gati, halafu anaambiwa kwamba upande wa pili wa bahari walisimama wanawake na chupa ya chai, wanamsogezea kazi mkononi. Ilimpunguza Mzee, na wakati huo huo hakukumbuka lini alijisikia mkubwa vile.

"Siku zote nimejisifu jicho," alisema.

"Jicho lilikuwapo. Sisi tulilirahisishia tu."

"Hata mimi nilimrahisishia matufaha," alisema Bi Mwanakhamis, ambaye kumbe alikuwa kwenye ngazi muda mrefu, na Asila nyuma yake.

Mzee hakucheka. Akamgeukia Tamima, akasema kwa Kiswahili, chini chini: "Mwambie kwamba mjukuu nnaye mmoja tu. Mwambie... ni mbali, mwanangu. Mwambie nilikuwa naogopa ni mbali."

Tamima alianza kufasiri. Haikuhitajika. Bi Gadija alikuwa ameshauinua mkono.

"Na mimi wangu alikuja huku kwa wiki sita kutengeneza lifti moja. Huu ni mwaka wa pili! Kila nikimpigia simu, anasema lifti bado. Sasa nani kamwekea mwenziwe vikwazo hapa?"

Hapo ndipo Mzee alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na Tamima akamuangukia shingoni, na Asila akapiga kigelegele kilichomfanya Mabrouk huko chini amwage kahawa.

"Mwanakhamis!"

"Naam."

"Mwite Mabrouk na wazee wake. Posa ije tena. Na ile halua ikatwe."

"Ile ililiwa siku ile ile na nchi za mstari wa mbele. Ntatuma nyengine."

"Na wali wa nazi leo?"

Bi Mwanakhamis alimtazama kutoka kofia mpaka vidole vya miguu. Alikuwa mwanafunzi mzuri mno.

"Kwanza tuone utekelezaji," alisema. Lakini pasi aliichomeka pale pale.

*

Nikahi ilifungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya sala, msikiti umejaa mpaka kwenye ngazi. Mabrouk aliiacha simu yake wazi ndani ya mfuko wa kanzu ili wanawake nyumbani wasikie kila neno, na kila aliyemgusa kifuani ilibidi aombe radhi kwa Bi Mwanakhamis.

Sheikh aliinama kwa Mzee. "Nipe uwakala nikuozeshee. Leo sauti yako naiona haipo."

"La. Nimeombwa mdomo wangu."

Akakaa mbele ya Igsaan, goti kwa goti, kanzu inanukia udi, mikunjo inakata. Akauchukua mkono wa kulia wa yule kijana. Ulikuwa mkono mgumu, wenye grisi iliyoingia kwenye kucha na kukataa sabuni ya harusi. Wakamsikia anaanza vizuri. Alipofika kwenye "Tamima binti" akakwama. Msikiti mzima ukakwama naye. Jina la mwanawe alikuwa hajalitamka hadharani kwa muda mrefu, na sasa lilikuwa limekaa kwenye ulimi, halitaki kutoka wala kurudi. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mzee akalisema, kwa sauti ya kujaza kuba: "Tamima binti Qais! Nimekuoza."

"Nimekubali kumuoa," Igsaan alijibu, kwa Kiunguja safi alichokifanyia mazoezi wiki nzima ndani ya lifti.

Dua ikasomwa, amin zikaitikiwa, sinia zikaanza kupita. Watu waliinuka kuja kupeana mikono na bwana harusi, wakapanga foleni, na foleni haikusogea, kwa sababu mkono wa bwana harusi ulikuwa bado umeshikwa.

"Mzee," Sheikh alinong'ona, "nikahi imetimia. Muachie kijana."

"Najua imetimia."

"Watu wanangoja mkono."

"Na wangoje," alisema Mzee Abdulwahid, na machozi yakamshuka kwenye ndevu bila ya haya, naye anatabasamu. "Kumuoza nshamuoza. Kumshika ndo kwanza naanza."

Msikiti ukaangua kicheko, na ndani ya mfuko wa Mabrouk vigelegele vikalia vidogo vidogo kama ndege ndani ya tundu. Igsaan, ambaye Kiunguja cha haraka vile kilimpita, akaukaza mkono wake na yeye.